Dawa ya Unene wa Tata Stany

Mwaka ule wa tisini na tatu, Kolwezi nzima ilipungua uzito bila dawa. Kazi za mgodi zililala, unga ukawa wa kutafuta, wanaume wakafunga suruali kwa kamba. Tata Stany tu, mkubwa wa mtaa, ndiye aliyezidi kunenepa. Kila familia ya Wakasai, watu waliotoka jimbo la Kasai, aliyoifukuza mtaani ilimwachia kuku wawili watatu, kwa hiari ya panga.

Sasa alikuja stesheni akihema, akiwasalimu waliofukuzwa kama mgeni wa harusi. Mianda, mganga wa majani, alikuwa hapo siku ya tisa akisubiri treni, akimkinga jua mama yake mgonjwa, Tshiela. Treni ilikuwa imefika, lakini wao walipangiwa behewa la wazi, la kubebea mawe ya shaba. Kwa jua lile, mama asingefika Kasai hai.

"Mama," Stany alimwambia Mianda, "nasikia unaenda."

"Mi pia nilisikia, tata. Vijana wako walivunja mlango wakaniambia."

"Ah, batoto." Stany alijipapasa tumbo. "Na ile dawa yangu? Daktari anasema mishipa ya damu imejaa mafuta. Bila majani yako, nakufa."

"Pole. Ila kwenye mkutano ulisema siye wote ni balozi, wachawi watupu. Utakunywaje maji ya mulozi?"

"Ile ilikuwa politiki. Hii ni afya."

Mianda alimtazama mama yake. "Behewa la tatu lina paa. Mama aingie mle, nitakuambia majani."

Stany hakubisha. Vijana walewale waliovunja mlango walimbeba Tshiela kama trei ya mayai, wakamlaza kivulini. Mianda akapanda, na hakudanganya hata neno.

"Ni yale majani machungu nyuma ya jiko langu. Mama aliyatoa Kasai, kwingine hapa hayako. Chemsha konzi moja, kunywa asubuhi kabla ya kula."

"Nyuma ya jiko? Jana tumeng'oa yote pale. Batu walisema mnafukia uchawi chini ya mimea. Tumechoma."

"Mlipata uchawi?"

"Mizizi tu."

Treni ikaanza kusogea. Stany akaifuata, kwanza kwa hatua, kisha mbio, jasho likimtiririka.

"Na mbegu, mama? Mbegu?"

"Zilikuwa palepale." Mianda alimfunika mama yake kitenge. "Endelea hivyohivyo, tata. Mbio pia zinapunguza."