Urefu wa Kitanda cha Bibi

Hakuna aliyemuuliza Bibi Huda.

Walimuuliza jirani mwenye duka la matairi. Walimuuliza imamu ambaye ujanani aliwahi kuendesha lori la saruji. Waliuliza hata kwenye kundi la simu la ukoo, ambako binamu mmoja wa Maskati, aliyeondoka Dar akiwa bado ananyonya, alitoa jibu refu kuliko yote na kuliambatanisha na picha za ngamia. Lakini mwanamke ambaye gari lilikuwa linanunuliwa kwa ajili yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake, Chang'ombe, anachambua mchele kwenye ungo. Kila mjumbe wa kamati ya kununua gari aliyepita mlangoni alimwambia neno lilelile: "Usijali, Mama, tunakuletea chuma."

Mjukuu wake Yumna, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, alikuwa akiyasikia hayo na kusaga meno.

Yumna alijua mkasa wote ulianzia wapi. Magoti ya Bibi yalikuwa yamegoma. Mdogo wake Bibi, Bi Munira, alikuwa amelala Temeke, upande mmoja wa mwili umepooza, na Bibi alikuwa akienda kumwona kwa bajaji. Siku ya mwisho, madereva wawili wa bajaji na muuza chipsi walimnyanyua kumpakia kama wanavyopakia friji. Baibui lilipanda hadi magotini. Mtu mmoja aliyekuwa akingoja chipsi zake akasema, "Msimlaze, gesi itamwagika," na watu wakacheka. Bibi alirudi nyumbani akatangaza kwamba hatoki tena getini mpaka aingie ndani ya chombo kwa miguu yake mwenyewe. Tangu hapo yeye na mdogo wake walionana kwa simu tu. Na kwa kuwa maneno ya Bi Munira yalikuwa hayaeleweki tena, kazi kubwa ya simu ile ilikuwa kusikilizana pumzi.

Basi Yumna akafanya utafiti, mmoja tu. Kulikuwa na kitu kimoja duniani ambacho Bibi aliweza kukikalia na kuinuka bila kushikwa: kitanda chake. Akasimamisha bakora ya Bibi kando ya godoro, na pale godoro lilipoishia akazungusha utepe mwekundu wa fundi umeme. Kiti cha gari kikiwa sawa na utepe, Bibi anakaa. Kikizidi, Bibi ni friji.

Alipeleka bakora dukani kwa baba yake, Muhsin, aliyekuwa akiuza misumari na mabati. Aliyeipokea ni ami yake, Mazin, mdogo wa baba, mwenyekiti aliyejiteua wa kamati ya gari. Ami Mazin aliitazama bakora, akamtazama Yumna, kisha akawatazama wateja ili wasipitwe na kichekesho.

"Braza, mwanao huko shuleni wanamfundisha nini? Gari inapimwa kwa injini, sio kwa bakora!"

"Ami, Bibi ndiye atakayekaa ndani."

"Na sie ndio tutakaonunua. Haya nenda, mama, kamsaidie mama yako jikoni. Haya ni mambo ya wanaume."

Baba alikuwa anahesabu bawaba. Yumna akaondoka na bakora yake, na kwa hasira aliyokuwa nayo lingetokea bati barabarani angelikunja kwa mikono.

Siku ile kamati ilikwenda kuliona gari, na kwa jinsi ilivyojipanga ungedhani inakwenda kuposa. Kanzu zilipigwa pasi. Mshenga alikuwa dalali mmoja aitwaye Mashaka, kijana mwenye maneno laini na viatu vyeupe. Ami Mazin alibeba fundi wake mwenyewe, naye fundi akatazama chini ya boneti kwa muda mfupi kuliko anaotumia mtu kutazama kama chai imechemka. Walirudi wakiwa wamelewa mapenzi. Gari jeusi! Viti saba! Bei ya mteremko! Lilikuwa la daktari mwanamke, hospitali na nyumbani, nyumbani na hospitali. Kesho yake lingelipiwa.

"Injini ilikuwa baridi mlipofika?" Yumna aliuliza. Baba wa rafiki yake wa bweni alikuwa amewahi kuuziwa gari lililopashwa moto mapema ili lisikohoe mbele ya mnunuzi.

"Ilikuwa ya moto," Baba alijibu. "Mashaka alikuwa ametoka kuizungusha kidogo."

"Na kiti kina urefu gani?"

"Yumna!" Ami Mazin alisema. "Likizo yenu inakwisha lini?"

Hapa ni lazima kutaja, kwa heshima zote, kipaji cha Yumna. Shuleni kwao kulikuwa na matroni mwenye sauti ya kusimamisha mvua. Muhula uliopita, sauti hiyo ilitoka kwenye kipaza sauti ikawatangazia wasichana wote kwamba usafi wa Jumamosi umefutwa, wakalale. Matroni wakati huo alikuwa sokoni. Yumna alifyeka nyasi wiki mbili, na sauti ikabaki naye.

Mchana ule aliingia chumbani kwa Bibi, mahali pekee penye utulivu. Bibi alikuwa amelala, ameuelekea ukuta. Yumna akaketi sakafuni, akapiga namba ya Mashaka aliyoinakili kwenye simu ya baba yake.

"Haloo, sema bosi!" Sauti ya dalali ilijaa chumba kizima.

"Mimi si bosi wa mtu," alijibu matroni. "Naitwa Mama Gozbert, wa Mbezi. Lile gari jeusi la viti saba lipo?"

"Shikamoo, mama! Lipo, mama. Gari ya padri hiyo. Kanisani na nyumbani, nyumbani na kanisani."

Daktari alikuwa amepata upadri kati ya asubuhi na adhuhuri.

"Nasikia kuna wateja."

"Wapo Waarabu wa Chang'ombe, wa duka la vyuma. Wanalipa kesho. Ila mama ukiwahi leo, ukaongeza kidogo, mie nakupa wewe."

"Je, wakija na fundi wakaona ubovu wakaacha, na mimi nikaja kuuziwa ubovu huohuo?"

Mashaka alicheka kama mtu aliyeulizwa na mtoto. "Mama, fundi kaletwa na msemaji wao. Na msemaji wao ni mtu wangu. Mdogo wake mnunuzi, tumbo moja! Fungu lake nishamwekea. Wale hawachomoki."

Matroni alihitaji muda kidogo kuirudisha sauti yake.

"Mwanangu, unasali?"

"Nasali, mama."

"Ongeza," akasema, akakata.

Yumna alibaki sakafuni, masikio yanamwaka. Alitaka kutoka ukumbini apige kelele mpaka mabati ya dukani yaitikie. Fedha ile ilikuwa akiba ya baba yake, miaka ya kuuza msumari mmoja mmoja. Ami Mazin, ambaye Bibi bado alimwekea ukoko wa pilau pembeni kama mtoto wa miaka saba! Ami Mazin alikuwa amemuuza mama yake na kaka yake kwa pamoja, tena kwa jumla.

"Yumna," Bibi alisema, bila kugeuka.

"Labeka, Bibi."

"Kesho na mie nakwenda."

"Utapandaje bajaji?"

"Nitanyanyuliwa. Mara moja hii. Bakora yangu iko wapi?"

Kesho yake walimnyanyua, Yumna na mama yake, baada ya kumfunga kanga mbili juu ya baibui kama mtumba wa thamani. Njia nzima Bibi alifumba macho. Walipofika uwanjani kwa Mashaka, Baba alishtuka akakimbilia bajaji, na Ami Mazin akasahau kufunga mdomo.

Gari lilikuwa linameta. Hata injini ilikuwa imeoshwa, na ilikuwa ya moto tena. Matairi yalikuwa makubwa kupita kiasi, na gari zima lilikuwa limeinuliwa juu yake, kazi ya vijana wanaopenda kutazama watu kutoka mawinguni. Nyuma kulikuwa na spika mbili pana kama meza. Daktari yule alikuwa anawatibu wagonjwa wake kwa muziki wa singeli.

"Shikamoo, mama yetu!" Mashaka aliinama. "Hii ndiyo gari ya daktari wetu, mwanamke mtulivu kabisa."

"Marahaba. Daktari huyo anasali wapi, baba?" Bibi aliuliza. "Msikitini au kanisani?"

Yumna alimgeukia Bibi haraka. Kumbe jana alisikia kila neno la ile simu!

Bibi hakungoja jibu. Alijikokota hadi mlango wa mbele, akasimamisha bakora kando ya kiti. Utepe mwekundu ukawa chini, na kiti kikawa juu yake kwa shibiri nzima. Akauweka mkono kwenye kiti kama mtu anayegusa ukuta wa nyumba ya jirani. Hakujaribu hata kupanda.

"Mama, hilo dogo!" Ami Mazin akaja mbio. "Sie tupo, tutakuwa tunakunyanyua tu. Hivi!" Akamtia mikono kwapani.

"Niache!"

Bakora ilitua kwenye mlango wa gari na uwanja mzima ukasikia. Hata waosha magari wa upande wa pili walizima maji. Kanga moja ilikuwa imemdondoka Bibi. "Miezi yote hii nimekaa ndani kwa sababu ya mikono ya watu. Leo unaninunulia mikono mingine?"

Baba aliitazama bakora, akautazama utepe. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekumbuka kitu alichoambiwa akiwa anahesabu bawaba.

Yumna alihisi maneno yanampanda kooni, yote, fungu na fundi na tumbo moja. Akavuta pumzi. Macho ya Bibi yakamkuta, na kichwa cha Bibi kikatikisika mara moja tu: hapana.

Hiyo ilimuudhi kuliko yote. Akainama kuokota kanga, na alipoinuka sikio la Ami Mazin lilikuwa karibu. Matroni akanong'ona:

"Fungu la msemaji lishawekwa. Wale hawachomoki."

Ami Mazin aligeuka polepole. Alimtazama mtoto wa kaka yake, akamtazama Mashaka, akamtazama mama yake aliyekuwa anafuta bakora kwa ncha ya baibui. Rangi ikamtoka.

"Braza," alisema. "Mie hii gari... sijaipenda."

"Si jana tu ulisema..." Mashaka alianza.

"Nyamaza wewe!"

Na hapo Baba, mtu mwema asiyejua kitu, alimshika mdogo wake begani mbele ya watu wote. "Nilijua! Nilikuwa nawaambiaga, Mazin ana jicho. Kidogo tu tungeangamia!"

Mazin ana jicho! Yumna aliuma kanga mpaka ikalowa.

Usiku alimfuata Bibi kitandani. "Kwa hiyo anaachwa hivihivi? Tena kwa sifa?"

"Ningemvua nguo pale, mbele ya waosha magari, ningekuwa nimemvua nani? Nimemzaa mie."

"Lakini Bibi!"

"Nani kakwambia anaachwa?" Bibi alisema, akazima taa.

Safari hii alitafuta Baba mwenyewe, bakora mkononi, bila kamati na bila mshenga. Alitembea nayo kwenye yadi za magari, moja baada ya nyingine, na wauzaji walipocheka aliwaacha wacheke. Wiki ya pili alifika Kiwalani kwa Bi Editha, muuguzi mstaafu aliyekuwa anarudi kwao Bukoba. "Njoo asubuhi kabla sijaliwasha," alisema Bi Editha, "ulisikie likiamka." Liliamka kwa kunguruma mara moja, bila moshi. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyozidi maziwa, na viti vyake vilikuwa safu tatu. Bi Editha aliwatajia maradhi yake yote kama anayemkabidhi mgonjwa kwa zamu inayofuata: kiyoyozi kinapuliza kikijisikia, redio ina stesheni moja, na mlango wa nyuma haufungi mpaka ubamizwe kwa nguvu. Fundi mgeni, asiyejuana na mtu yeyote wa ukoo, alilala chini ya gari mpaka Baba akadhani amesinzia. Alipotoka alisema matairi mawili yabadilishwe, kwingine liko sawa.

Gari lilipofika getini Chang'ombe, Baba mwenyewe alisimamisha bakora kando ya kiti. Utepe mwekundu ukalala sawa na ukingo.

Bibi aliligeuzia gari mgongo. Akakaa, kama anavyokaa kitandani. Akaingiza mguu mmoja, akapumzika, akaingiza wa pili. Hakuna aliyemgusa. Muuza chipsi alikuwa anatazama, na Bibi alimtazama yeye mpaka akarudi kwenye viazi vyake. Kisha akatoa simu.

"Munira? Waambie wakufungulie dirisha. Nakuja, na sikubebwa na mtu."

Watu wakaanza kuingia. Ami Mazin, ambaye siku hizo alikuwa mpole ajabu, alishika mlango wa kiti cha katikati.

"Mazin," Bibi aliita kutoka mbele, bila kugeuka. "Wewe nyuma kabisa."

"Mama, kule si kwa watoto?"

"Ndiyo. Na kila tukienda kwa Munira, hicho ndicho kiti chako. Fundi wako akiwa na nafasi, mwite mkae wote."

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa wengine hawakujua cha kucheka. Ami Mazin hakuuliza swali la pili. Alijikunja, akaingia, magoti yakamfika masikioni, na shingo ikainama chini ya paa kama mtu aliye katika rukuu isiyokwisha. Mbele yake kulikuwa na safari nzima ya Temeke na mashimo yake yote.

Yumna alizunguka nyuma kufunga mlango. Kupitia kioo, ami yake alimtazama kwa macho ya kuomba. Akaubamiza kwa nguvu zake zote, na mlango ukafunga barabara.

Akaufungua, akaubamiza tena.