Masharubu ya Bwana Semkiwa

Usiku wa kuamkia leo niliota nafuta kioo cha kompyuta ya dada. Niseme mapema: mtaani kwetu hakuna anayenizidi kwa kufuta vioo. Madirisha ya nyumba nzima nayang'arisha mimi, kwa spiriti na gazeti. Kioo ni kioo. Ndivyo nilivyomwambia Dada Mwanahamisi kabla ya kulala, aliponikataza kugusa mashine yake.

"Kibwana, hilo si dirisha," alisema. "Asubuhi Bwana Semkiwa anakuja kuchukua picha yake ya harusi iliyomo humo. Ikiharibika, mimi na wewe hatutaelewana."

Basi, ndotoni naingia chumbani kwake. Kwenye kioo Bwana Semkiwa ametulia ndani ya suti, na yale masharubu yake yanayojulikana Tanga nzima yamechanwa vizuri. Vumbi limemkaa puani.

"Chomoa kwanza," inasema sauti. Ni kitambaa laini cha miwani ya bibi, kimekaa kitako juu ya kibodi.

Nachomoa waya. Feni inazima. Redio inazima. Jirani anayegombana na mkewe naye anazima, katikati ya tusi. Bwana Semkiwa peke yake anabaki kiooni. Anasema hana pa kwenda.

"Sasa subiri apoe," kinasema kitambaa.

Tunasubiri. Bwana Semkiwa anajipepea na tai. Baadaye anaomba sweta.

"Nimepoa," anasema. "Nifute taratibu, kijana. Kwa hicho kitambaa, kikavu. Usinikandamize."

"Mnanifundisha kazi?" nauliza, huku nachukua chupa ya spiriti.

"Mtu hapuliziwi usoni," kinasema kitambaa. "Uchafu ukigoma, nilowanishe mimi kidogo kwa maji safi. Mimi, si yeye."

Nikapulizia.

Hapo hapo tuko kwa kinyozi. Nimevaa koti jeupe, na Bwana Semkiwa amefungwa shuka shingoni.

"Kijana," anasema, "mimi sikuja kunyoa. Nimekuja kuoa."

"Tulia, mzee. Nakufuta tu."

"Nani atulie kwa ajili yako, uso hauna hata unywele, kama yai?"

Nakunja gazeti. Gazeti linalalamika kwamba lenyewe limejaa habari, halijawahi kuwa laini. Silisikilizi. Nakandamiza, nasugua.

Kompyuta inakohoa. "Una uhakika unataka kufuta?"

"Swali gani hilo? Kufuta ndiyo kazi yangu."

"Haya."

Nainua gazeti. Vumbi lipo palepale puani. Masharubu hayapo.

Bibi harusi anachungulia mlangoni na keki mkononi. "Huyu nani?"

"Mumeo mtarajiwa," anasema Bwana Semkiwa, ameziba mdomo kwa shuka.

"Wangu ana masharubu," anajibu, na anaondoka. Keki anaondoka nayo.

Bwana Semkiwa analia kimya kimya. Namwambia asilie, machozi nayo ni maji, yataingia kwenye waya. Masharubu yamedondoka sakafuni. Yanajikung'uta spiriti, yanageuka huku na huku yakitafuta pa kukaa, kisha yananitazama mimi.

"Usiyakimbize," kinasema kitambaa. "Yatakwaruza kioo."

Lakini wala sikuyakimbiza. Yaliyonikimbiza ni yenyewe.

Nikaamka natweta. Jua limeshatoka. Nikakimbilia chumbani kwa dada, nikamkuta kasimama mbele ya kompyuta, mkono kiunoni. Kiooni, Bwana Semkiwa ametabasamu ndani ya suti yake, mdomo wa juu mtupu kama wa mtoto mchanga. Nje geti likagongwa.

"Hodi! Mwanahamisi, picha yangu tayari?"

Dada akateremsha sauti. "Kibwana. Umegusa kompyuta yangu?"

"Mimi? Haki ya Mungu, dada, nimelala fofofo tangu jana. Hata kuota sikuota."

Akageuka. Akanitazama usoni, akasogea karibu, akanusa.

"Hukuota?"

"Sikuota kitu."

"Na hayo masharubu yanayonuka spiriti," akauliza, "yameota lini?"