Waliopita Mlango wa Ngoma

Bawabu wa ukumbi wa taifa wa muziki alikuwa na milango miwili na miguu iliyochoka. Mlango wa mbele ulikuwa wa vioo, na ngazi zake za marumaru ziling'aa hadi mtu anaona haya kuzikanyaga. Wa nyuma ulikuwa wa bati, mpana, wa kupitishia ngoma kubwa na vinanda. Kila Alhamisi saa tisa alasiri okestra ilifanya mazoezi, na raia waliruhusiwa kuingia kusikiliza bure. Karibu wote walipita mlango wa ngoma.

Mtindo huo aliuanzisha marehemu mke wake. Siku ya kwanza alifika na ndala miguuni, akazitazama zile ngazi, akageuka.

"Huko ni kwa wenye viatu," alimwambia mumewe. "Mimi nipitishe unakopitisha ngoma."

Alhamisi iliyofuata alikuja na dada yake, kisha majirani, kisha wauguzi waliotoka zamu, mafundi cherehani, wafagiaji wa barabara. Mwenyewe alikaa kiti cha mwisho karibu na ukuta, macho kayafumba, miaka kumi na minane, mpaka ugonjwa ulipomlaza. Hospitali ikasema dawa iko njiani. Dawa ilikuwa njiani mwaka mzima, na waliokuwa wanaisubiri pamoja naye walizikwa mmoja mmoja. Tangu hapo bawabu hakuwa na neno jema kwa mkubwa yeyote mwenye kiti cha kuzunguka.

Sasa wakubwa walikuwa wameleta barua. Meneja alimsomea, maana maandishi madogo yalimpiga chenga. Wizara ilitaka kujua kama ukumbi unastahili kuendelea kupewa ruzuku. Mkaguzi angekuja Alhamisi kuhesabu wasikilizaji. Wasipofika mia na hamsini, mazoezi ya wazi yanafutwa na ukumbi unakodishwa kwa mikutano.

"Tunafika?" meneja aliuliza.

"Tunapita, bosi. Juzi wengine walikaa chini."

"Basi hatuna shida."

Wala hakuna aliyeuliza mkaguzi atakaa mlango upi.

Alhamisi ilipofika, bawabu alisimama kwenye mlango wa bati kama kawaida yake. Alihesabu kwa njiti za kiberiti: kila mtu akipita, njiti moja inatoka mfuko wa kushoto inaingia wa kulia. Shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, alipita akimtazama mfuko.

"Shemeji, mimi nina kilo tisini. Niwekee njiti mbili."

"Pita, unaziba njia."

Mfuko wa kulia ulikuwa na njiti mia na themanini na saba pale mpiga fidla mmoja, binti aliyezoea kumwita baba, alipokuja mbio kutoka ndani.

"Baba, mkaguzi yuko kule mbele. Ameandika kumi na mmoja."

Bawabu alikata ukumbi mzima kwa miguu ile ile. Mkaguzi alikuwa kwenye meza ndogo nyuma ya vioo, kalamu mkononi.

"Watu wamejaa ndani, mheshimiwa. Njoo uwaone kwa macho yako."

"Mzee, fomu inasema wanaoingia mlango mkuu. Wa ndani nitajuaje nani msikilizaji na nani mfanyakazi? Nafunga saa tisa na nusu."

Zilibaki dakika ishirini. Bawabu alirudi ukumbini, akamwomba mwongozaji wa okestra asubiri, akawaambia watu wainuke, watoke nyuma, wazunguke uani na kuingia kwa mbele.

"Leo unatufukuza, shemeji?" dada wa marehemu aliuliza.

"Nawahesabisha. Twende."

Wakatoka. Jua lilikuwa kali. Walipofika kwenye marumaru msafara ukasimama wenyewe. Fundi cherehani mmoja alivua viatu akavishika mkononi. Bawabu akatangulia ili waone kwamba zinakanyagika, na shemeji akamfuata akihema.

Mkaguzi alihesabu mpaka arobaini. Kisha akainua kichwa, akatazama kupitia dirisha la pembeni, akauona mstari unavyotoka mlango wa bati na kuzunguka ua. Akaweka kalamu chini.

"Mzee, hawa walikuwa ndani. Mnanizungushia watu."

"Walikuwa ndani, ndiyo. Hawakuwa wamehesabiwa."

"Nitajuaje hawatazunguka tena? Nani aliwapitisha nyuma?"

Bawabu alifungua mdomo kuwataja wakubwa: meneja, wizara, walioandika fomu, waliojenga ngazi za kutishia watu kwa kodi ya watu hao hao. Majina yalikuwa tayari ulimini, alikuwa nayo miaka mingi. Lakini hilo swali lilikuwa na jibu moja tu.

"Mimi," alisema.

Mkaguzi akakata mstari juu ya arobaini, akaacha kumi na moja, akamgeuzia karatasi atie sahihi ya shahidi. Bawabu aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama mtu anayepanda mlima. Mkaguzi alifunga daftari akaenda kwenye gari lake.

Watu walikuwa bado wamesimama kwenye ngazi, hawajui waingie au warudi. Bawabu akaufungua mlango wa vioo pande zote mbili, akaukazia kwa matofali.

"Piteni. Wanawasubiri."

Shemeji alikuwa ameshuka tena chini, akizitazama ngazi.

"Ndizo hizi mdogo wangu alikuwa anaziogopa?"

"Ndizo."

"Mbona ziko saba tu."

Muziki ulianza ndani, na wa mwisho wakaharakisha. Bawabu alikaa kwenye ngazi ya kwanza, akatoa viberiti vyake vitupu, akaanza kuzirudisha njiti ndani, moja baada ya nyingine, kama afanyavyo kila Alhamisi.