Safu ya Asili

Phelister alikuwa na ulimi, msimwone vile. Miaka kumi na tisa alikuwa akipiga chapa tasnifu za wanafunzi pale Wandegeya, jirani na chuo kikuu, na kila alichokipiga alikisoma, kisha akakitolea hukumu, umuulize usimuulize.

Mwezi ule alikuwa na kazi ya Hortense, binti wa Kikongo aliyekuwa akiandika kuhusu Munich, mji wa Ujerumani. Mji wa wachoraji na wanamuziki, watu wa kubishana mikahawani mpaka koo zikauke, kila mtu na fikra zake. Kisha wakashindwa vita, njaa ikaingia, mapinduzi yakamwaga damu, na hofu ikahamia majumbani. Mpiga domo mmoja akawaambia wa kulaumiwa ni Wayahudi. Mahakimu na maprofesa wakamchekea, wakamhurumia, na mwishowe mji mzima ukampigia makofi.

"Loo! Na vitabu vyote vile walivyosoma?" Phelister akasonya. "Haki ya Mungu, mimi wasingenipata."

"Na wao walidhani hivyo, Mama," Hortense akasema.

Jirani yake Phelister uani alikuwa Mama Zulaika, Mnubi, kizazi cha wale askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan. Alikuwa mpishi. Kila adhuhuri alimpelekea Phelister sahani iliyofunikwa kwa kawa la rangi alilolisuka mwenyewe, na jioni Phelister aliirudisha na ndizi mbili, au konzi ya njugu, hata kipande cha sabuni. Chombo cha jirani hakirudi kitupu. Siaya kwao Phelister ni hivyo, na Bombo kwao Mama Zulaika ni hivyo. Mama Zulaika hakujua kusoma, basi karatasi zake zote aliandikiwa na Phelister.

Siku moja akaja Mwalimu Byron, mwenyekiti wa wapangaji. Mtu mpole huyo, hajapata kumkaripia hata mbwa. Ndiye aliyefundisha kwaya ya kanisa lao nyimbo za Kijerumani za kale, na Phelister aliziimba akilia. Ua ulikuwa unavunjwa, jengo jipya linakuja, na vyumba havitatosha watu wote. Alitaka Phelister ampigie chapa fomu ya wapangaji: jina, biashara, asili.

"Asili ya nini tena, Mwalimu?"

"Si mimi, nyabo, ni watu. Wanasema wageni wametujaa. Hawa Wanubi, unajua maneno yao ya zamani, enzi za utawala wa jeshi. Tuandike tu, tujue."

"Na mimi Mjaluo wa Kenya?"

"Banange! Wewe si mgeni, wewe ni sauti yetu." Akacheka, akaanza kuvumisha wimbo wa Jumapili.

Neno lile Phelister hakulipenda. Lakini macho yake, macho ya kazi, yakaona safu ya asili ni nyembamba mno, jina la kabila halitaenea. Akaipanua. Akanyoosha mistari, fomu ikapendeza.

Kesho yake Mama Zulaika akaja na ya kwake. "Nijazie, binti yangu. Hapo pa mwisho wanataka nini?"

"Asili."

Mama Zulaika akaigusa safu ile kwa kidole. "Mimi nimezaliwa Bombo. Baba kazaliwa Bombo, babu kazikwa Bombo. Hapo hapawezi kuachwa?"

Ewe Phelister! Angepaacha, nani angemla? Lakini tangu aanze kazi hajawahi kutoa fomu yenye pengo. Kwake pengo lilikuwa aibu, kama kutoka nje bila kuchana nywele. "Fomu yenye pengo hurudishwa, Mama," akasema, na akaandika: Mnubi. Kwa herufi nzuri.

Mkutano wa wapangaji ulifunguliwa kwa sala. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyepaza sauti. Mwalimu Byron alisoma majina ya waliopata vyumba, na jina la Phelister likawa la saba. La Mama Zulaika halikusomwa. Watu wakapiga makofi. Phelister alishtuka kuona na mikono yake inapiga.

Siku tatu hakula vizuri. Alipofika sura ya mwisho ya Hortense, palipoelezwa makarani walioandika orodha za Wayahudi, vidole vikagoma. "Hao makarani," akauliza, "kuna waliorudi kuomba radhi?"

"Wengi walisema walikuwa wakifanya kazi yao tu."

Sahani ya mwisho ya Mama Zulaika na kawa lake vilikuwa bado juu ya kabati. Phelister akaweka mchele mpaka ukafurika, akafunika, akashika njia kwa miguu kwenda Kawempe, alikohamia Mama Zulaika.

Mama Zulaika alikuwa ameketi mlangoni, anasuka. Alimkaribisha kitini. Phelister akapiga magoti, akaanza kusema, maneno yakamkatikia njiani. Akalia tu, ulimi wote ule.

Mama Zulaika alifunua kawa, akautazama mchele. Kisha akauchukua mkoba wa Phelister na kuumimina mchele wote humo, taratibu, punje hata moja isianguke. Akaipangusa sahani kwa ncha ya gauni lake la gomesi.

"Leo chombo nakiruhusu kirudi kitupu," akasema. "Pengo moja tu, binti yangu. Nilikuomba pengo moja tu."

Akaingia ndani na sahani yake. Phelister akabaki pale mlangoni na mchele wake.