Pengo la Vidole Vinne

Kama kuna kitu fundi Milimita alikidharau kuliko msumari uliopinda, basi ni shemeji yake. Huyu mume wa dada yake alikuwa karani wa masjala miaka thelathini, kazi yake kutia nambari kwenye mafaili, na siku aliyostaafu akatangaza kwamba atajenga nyumba ya magogo kwa mikono yake mwenyewe. Mikono gani, jamani? Ile iliyozoea kulowesha kidole na kufunua karatasi! Milimita alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Ujenzi umejifunzia wapi, shemeji?"

"Nimesoma kitabu," Karani akasema, hana haya wala soni.

"Vizuri. Na mimi nitasoma kitabu cha upasuaji, nije nikutoe figo."

Ambaye hakucheka ni dada mtu. Tangu aolewe alikuwa akiishi vyumba vya kupanga, anapikia koridoni, na sasa magoti yake yalikuwa yamegoma kupanda ngazi za ghorofa ya tatu. Alichotaka maishani kilikuwa kimoja: nyumba ya chini yenye mlango wake mwenyewe. "Kaka," akamwambia Milimita, "mcheke utakavyo, ila mlango wangu utanitengenezea wewe." Milimita akakubali. Kwa dada yake hakuwa na ujanja, na tena ni milango iliyompa hilo jina. Mlango wake haukwaruzi sakafu, haupitishi hata unywele. Kila kipande cha mbao alichokipachika alikichonga mistari mitatu kwa patasi, alama yake, hata kile kitakachofunikwa kisionwe na mtu mpaka siku ya kiama. Ndivyo alivyojipenda.

Karani akajenga nyumba kama anapanga kabati la ofisi. Kila gogo nambari kwa rangi nyekundu, kila nambari kwenye daftari. Gogo la kumi na saba haliwekwi mpaka la kumi na sita limepigiwa tiki. Milimita alipita kila Jumapili, ati kusalimia. "Hili limeshapata sahihi ya bosi?" aliuliza, akilipiga teke gogo. Karani alitabasamu tu na kumkaribisha chai. Upole ule ulimkera Milimita kuliko matusi, maana mtu asiyejua kitu anapata wapi utulivu wote huo?

Siku ya kufunga mlango ikafika. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja tu wa nje, na Milimita alikuja na fremu aliyoihangaikia wiki mbili, imenyooka mpaka inatia uchungu. Akaisimamisha, akainua macho, akaona maajabu. Kati ya fremu na gogo la juu Karani alikuwa ameacha pengo la vidole vinne, na alikuwa tayari na sufi ya kulijaza na ubao wa kulifunika.

"Hili ni nini? Nyumba ya panya?"

"Magogo bado yana maji, shemeji. Yakikauka yanasinyaa, ukuta unashuka. Lazima upate pa kushukia. Ukurasa wa arobaini na moja."

"Ukuta ushuke uende wapi? Kuzimu? Nimefunga milango tangu wewe unaramba stempu, sijaona ukuta unaotembea!"

Kweli hakuwa ameuona. Maisha yake yote alifunga milango kwenye matofali na saruji, na matofali hayasinyai. Lakini nani angemwambia? Karani akasema tu, "Naomba uliache, shemeji," akaenda kutafuta bawaba zilizopungua. Huku nyuma Milimita akatupa sufi kando, akachonga kipande cha mbao ngumu kama chuma, akakigongomea kwenye pengo mpaka kikalia. Akakitia mistari yake mitatu, akakifunika kwa ubao wa Karani. Dada akahamia. Mlango ulifunguka kwa kidole kimoja, naye akaufungua na kuufunga asubuhi nzima kama mtoto.

Likaja jua la miezi mitano. Mlango ukaanza kukwaruza. Kisha juu yake, kati ya gogo na gogo, mwanga ukaanza kupenya. Milimita akasikia, akafurahi, Mungu amsamehe. "Nilisema mimi! Lile boma la karatasi litaanguka." Hakukikumbuka hata mara moja kile kipande chake.

Jumapili akaenda kujionea. Akamkuta Karani uani, amekonda, daftari mapajani na barua mkononi. Ilikuwa ya kumwomba mwenye nyumba wao wa zamani awarudishie vile vyumba vya juu.

"Umenishinda, shemeji," akasema Karani. "Nimepima kila siku. Kuta tatu zinashuka sawasawa, huu mmoja umekwama, na kosa silioni. Siwezi kumlaza mke wangu ndani ya kitu nisichokielewa."

Milimita akafungua kinywa atoe kejeli aliyoiandaa njiani kote. Hapo sauti ya dada ikatoka ndani: "Kaka? Baba watoto? Mlango hausogei!"

Walisukuma, walivuta, wapi. Karani akachukua tindo, akaubandua ule ubao wa juu, apate walau kuona. Gogo zima lilikuwa limekalia kipande cha mbao ngumu, limekibana mpaka fremu ya wiki mbili imepinda. Na katikati ya kipande, safi kabisa, mistari mitatu.

Karani akapitisha kidole juu ya ile mistari taratibu, kama mtu aliyezoea kukagua nyaraka.

"Shemeji, hii sahihi ni ya nani?"

Toka ndani dada akauliza, "Mmeona nini?" Milimita akachukua msumeno, akakata kazi yake mwenyewe. Kipande kilipodondoka, ukuta ukaguna na kukaa, na ule mwanga kati ya magogo ukazibika. Mlango ukafunguka.

Dada akatoka na magoti yake mabovu. Akatazama kile kipande chini, akaitambua alama aliyoijua tangu utotoni. Akampita kaka yake, akaichomoa ile barua mfukoni mwa mumewe, akaichana mara nne.

"Kaka," akasema, bila kugeuka, "kesho njoo uufunge upya. Mume wangu atakupimia."

Karani alikuwa ameshaokota kipande. Akatoa kalamu nyekundu sikioni, akakitia nambari na tarehe, akakiingiza ndani, kwenye rafu ya kumbukumbu za nyumba.

Kesho yake, saa moja asubuhi, Milimita alikuwa juu ya ngazi, ameshika ncha ya tepu, anasubiri kuambiwa.

"Vidole vinne," akasema Karani kutoka chini.

"Vinne," akaitikia Milimita, akaandika.