Piano Imepandishwa

Sauti ilimkwama Zumari pale pale ilipopaswa kupaa. Kwaya nzima ikageuka, wengine wakajifanya wanatafuta ukurasa. Yeye, aliyeimba sehemu ya juu peke yake miaka ishirini na miwili mpaka wakampachika jina hilo, alikohoa, akasingizia vumbi, akaketi. Zilibaki siku nne kabla ya tamasha.

Njiani kurudi nyumbani hakuwaza vumbi. Alimwaza fundi mpya wa piano. Tangu mumewe, aliyekuwa akiitunza ile piano, afariki mwaka jana, hakuna fundi aliyeigusa, mara mwalimu wa kwaya kamleta huyu bwana. Na huyu bwana ni nani? Mkwe wa mwalimu! Na mkewe, binti wa mwalimu, anaimba safu gani? Hiyo hiyo ya juu, nyuma ya Zumari, anasubiri. Pafukapo moshi pana moto. Isitoshe, fundi mwenyewe hasikilizi kitu: anaweka kimashine chenye vitaa juu ya piano, anabonyeza noti, anakodolea macho mshale. Marehemu alikuwa na masikio yake mawili, basi.

Kesho yake asubuhi alimkuta fundi ukumbini, amepiga magoti mbele ya piano iliyofunuliwa, ufunguo wa kukazia waya mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeifanya nini piano yetu?"

"Nimeipandisha. Siku tatu hizi, kidogo kidogo, waya zisikatike."

"Ahaa! Umekiri mwenyewe. Nani kakutuma? Baba mkwe wako?"

Fundi alicheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. Alibonyeza noti, akamgeuzia kimashine. Mshale ukasimama katikati, taa ikawa ya kijani.

"Hapa ndipo inapotakiwa kuwa. Niliikuta chini mno, ukipiga noti hii unasikia ya jirani yake."

Zumari alibetua midomo. Kimashine cha mtu husema anachotaka mwenyewe. "Imezeeka, ikashuka. Ajabu iko wapi?"

"Ipo, mama. Piano iliyosahauliwa hushuka ovyo ovyo, waya huu sana, ule kidogo. Za hii zilishuka zote sawasawa, na bado zinapatana. Hapo pana mkono wa mtu. Tena fundi hasa, kaishusha mwaka baada ya mwaka. Sijui alikuwa na nia gani."

Zumari alitafuta kiti. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuishika. Kila mwaka, akikaribia kumaliza kazi, alikuwa akimwita: "Mke wangu, hebu niimbie ule mstari wa juu." Akiimba, mumewe huinamisha kichwa, hutabasamu, kisha hurudia waya zote upya. Na yeye alivyojigamba kwa wenzake kwamba sauti yake haijui uzee, kumbe piano ndiyo iliyokuwa ikimshukia! Aliona aibu, akamkasirikia marehemu, kisha akamkumbuka mno hata akalia mbele ya mgeni bila kujificha.

"Naweza kuirudisha ilipokuwa," fundi alisema, sauti chini. "Nikikitegea kimashine kipimo kile cha chini, kinakubali. Mwalimu hatajua."

Zumari alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Iache hapo hapo. Mwambie mkeo aje kesho mapema, nimwonyeshe pa kuvuta pumzi."