Kivuli cha Dada

Dada alikuwa akishona upindo wa shuka la hospitali, pini amezibana kwa meno ya kulia. Mafundi wote wa karakana ile walibana pini mdomoni, kwa kuwa kuinamia kisahani kila mara kulichelewesha kazi. Meno ya kushoto alikuwa ameyastaafisha. Ufizi wa huko ulitoa usaha tangu alipomwachisha ziwa mwanawe wa mwisho, na sasa huyo mwana ameota ndevu.

Mdogo wake, wa cherehani ya jirani, ndiye aliyeona kwanza. Ukutani, kivuli cha dada kilikuwa kimepinda mdomo. Dada mwenyewe ameketi wima. Kivuli kimelala upande, mkono unaning'inia kama wa shati kambani.

Walipotoka kunawa, kivuli kiliburuta mguu. Mafundi wakakipisha mlangoni, mmoja akakipa pole, wakaenda zao bombani.

"Usiogope, mdogo wangu," dada alisema, midomo nusu wazi, pini zisidondoke. "Kimenitangulia kuzeeka tu. Acha kizeeke, mimi bado nina mashuka."

Mdogo mtu aliogopa. Wakati wa chakula akamvuta hadi zahanati. Muuguzi alikitazama kivuli, kisha ufizi, akasema amewaona wengi wa namna hiyo. Usaha wa miaka haukai mdomoni, alieleza. Vijidudu huingia kwenye damu, mishipa ikaumia ndani kwa ndani, na siku moja damu inaweza kuganda ikaziba njia ya ubongo. Meno hutibiwa asubuhi. Aje na ruhusa ya kazini.

Msimamizi wa karakana alimmulika dada kwa tochi, utosini hadi nyayoni. Ruhusa ni ya mgonjwa, alisema, na huyu ni mzima.

"Na hicho?" Mdogo mtu alikionyesha kivuli sakafuni.

"Hicho hakimo kwenye zamu."

Tangu hapo mdogo mtu hakuwasha taa nyumbani. Haikusaidia. Gizani alisikia mguu ukiburutwa kuzunguka kitanda cha dada, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuingilia.

Kiharusi kilimkuta dada kazini. Mdomo ulilegea, pini zikamwagika juu ya shuka. Alipoanguka, kivuli kilinyooka, kama aliyetua mzigo. Hospitali ilimpokea papo hapo, maana aliyeanguka haombwi ruhusa, ikamlaza kwenye shuka lenye upindo wake mwenyewe. Hakuamka. Walimzika juani bila kivuli, na hakuna aliyeuliza kiko wapi.

Kilikuwa karakana, kwenye cherehani yake. Msimamizi alikuwa amekipelekea jora jipya.

"Hiki angalau hakiumwi jino," aliwaambia mafundi, nao wakacheka kidogo, kwa kuwa ni msimamizi.

Mdogo mtu akaketi, akabana pini zake. Ufizi wa kulia ulipwita, kama ulivyopwita jana na juzi. Akazihamishia kushoto. Kisha akainamia shuka, akashona bila kutazama ukutani.